Rafu ya Buti za Kazi: Jinsi Boot Barn Ilivyofika Ilipo

Ukiwauliza watu wa hapa Texas kwa nini Boot Barn, mnyororo wa maduka ya buti na mavazi ya kauboi, imekua kwa kasi namna hii, wengi watakujibu bila kufikiri: ni Beyoncé, ni tamthilia za wafugaji kwenye televisheni, ni mabinti wanaovaa buti nyeupe kwenda kwenye matamasha. Yote hayo yapo, sibishi. Lakini mwisho wa Machi 2025 kampuni hiyo ilikuwa na maduka 459 katika majimbo 49, na mauzo ya mwaka wake wa hesabu yalikuwa yamefika dola bilioni 1.9. Mtindo peke yake haubebi mzigo wa namna hiyo. Mtindo huja na kuondoka, na biashara ya buti za kauboi imeshaachwa na mtindo jangwani zaidi ya mara moja.

Mimi nimekulia dukani. Mzee wetu aliuza viatu Moshi, kwenye fremu nyembamba isiyo mbali na stendi, na sisi watoto tulijua mapema kwamba anayemtesa muuza viatu ni saizi. Mwizi unaweza kumfungia mlango, mteja mbishi wa bei mtaelewana. Saizi haielewani na mtu. Ukileta muundo mmoja wa kiatu lazima uje nao kuanzia namba 38 hadi 45. Wiki ya kwanza 41 na 42 zimekwisha, halafu 38 na 45 zinabaki zinakutazama, zimedoda, na mtaji wako umelala mle ndani ya maboksi. Unaanza kupunguza bei. Mwisho unauza chini ya bei uliyonunulia, ilimradi upate nafasi ya mzigo mwingine.

Ndiyo maana nilipohamia Fort Worth na kuingia kwenye duka la buti, kofia na mikanda ya bizimu kubwa sikuviangalia sana. Niliangalia mzigo. Maboksi yamepangwa kwa saizi, safu baada ya safu, mengine yakifuata na upana pia, kwa sababu Mmarekani wa buti hakuambii tu kwamba anavaa 10, anakuambia 10 D au 10 EE, na asipopata upana wake anaondoka. Harufu ya ngozi inakupokea mlangoni. Mteja anaenda mwenyewe kwenye safu ya namba yake, anavuta boksi, anakaa kwenye benchi, anajaribu. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya fedha iliyolala kwenye zile rafu, nikajisemea kwamba mwenye duka hili ama ni mwendawazimu ama anajua jambo ambalo mzee wangu hakulijua.

Anajua jambo. Buti ya kauboi haichakai kimtindo kama viatu vingine. Muundo wa kahawia wenye pua pana ya mraba ulioingia dukani mwaka juzi utauzika mwaka huu kwa bei ileile, na mwakani pia. Sehemu kubwa ya mzigo wa Boot Barn ni wa namna hiyo: jozi moja ikitoka, nyingine inaagizwa ijaze nafasi, na wenye kampuni wamekuwa wakiwaeleza wenye hisa miaka yote kwamba wanauza bidhaa zao nyingi kwa bei kamili. Kwa mtu aliyelelewa na mabaki ya namba 45, hilo ni jambo la kuonea wivu.

Lakini kwa nini buti hii haipitwi na wakati? Ishike mkononi utaelewa. Kila sehemu yake ilizaliwa na kazi. Pua ya asili ilikuwa nyembamba ili mguu uingie haraka kwenye rikabu, ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko. Kisigino ni kirefu na kimekatwa kwa kuingia ndani, ili mguu usipenye ukavuka rikabu ukanasa. Shingo ni ndefu ili miiba isichane miguu. Haina kamba, na hilo lina sababu nzito kuliko zote: mpanda farasi akitupwa chini na mguu ukabaki umenasa, buti inachomoka yenyewe, mtu anabaki, farasi anaondoka na kiatu. Chini ya upinde wa unyayo kuna kipande cha chuma kinachobeba uzito wa aliyesimama juu ya rikabu, na kwenye buti nzuri soli ya sehemu hiyo imepigiliwa vijiti vidogo vya mti, kwa kuwa mti huvimba na kusinyaa pamoja na ngozi ukilowa na kukauka, jambo ambalo msumari haufanyi. Hata zile nyuzi za urembo zinazopanda shingoni zinasaidia ngozi isilegee ikajikunja kifundoni.

Siku ya kwanza ukiivaa, kisigino kinapanda kidogo unapotembea. Wateja wapya hudhani ni kubwa wanaomba namba ndogo zaidi. Muuzaji anayejua kazi atakukataza. Buti hii inashika juu ya mguu, kwenye nundu ya unyayo, na soli ikishalainika kisigino kinatulia. Nimewaona wauzaji wa hapa wakipiga magoti mbele ya mteja, wakibonyeza ile nundu kwa kidole gumba, na kumwambia mtu mwenye fedha mkononi kwamba jozi aliyoipenda haimfai. Hiyo ni biashara ninayoiheshimu.

Kazi na fahari vimeshikana kwenye kiatu hiki tangu mwanzo. Mwaka 1879 fundi mmoja aitwaye H. J. Justin, kwa mkopo wa dola 35 kama inavyosimuliwa, alifungua kibanda cha buti Spanish Fort, kijiji cha Texas kando ya Mto Red, karibu na pale ambapo wachunga ng'ombe walivuka kuelekea Kansas. Kijana alipima mguu wakati wa kwenda, akakuta buti zake tayari wakati wa kurudi, ujira wa safari ukiwa mfukoni. Mwaka 1889 Justin alihamia Nocona kuifuata reli. Baadaye familia ilitengeneza karatasi za vipimo zilizotumwa kwa posta, mtu akajipima mwenyewe nyumbani na kuagiza. Miaka mingi kabla ya maduka ya mtandaoni!

Alipofariki, wanawe waliihamishia kampuni hapa Fort Worth mwaka 1925. Dada yao Enid Justin alikataa kuondoka. Alibaki Nocona na wafanyakazi wachache, akakopa dola 5,000, akaanzisha kiwanda chake, Nocona Boot Company. Wengi hawakuamini kwamba mwanamke anaweza kuendesha kiwanda cha buti. Kilichomshika mkono mwanzoni ni mafuta: visima vilifumuka eneo lile, wachimbaji wakahitaji buti ngumu ndefu za kufunga kwa kamba, naye akawatengenezea. Kampuni iliyobeba sifa za kauboi kwa miongo kadhaa ilivushwa mwanzo wake mgumu na mtu wa visima, aliyekuwa na matope ya mafuta hadi magotini. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo ninaloliona Boot Barn.

Boot Barn yenyewe haikuzaliwa Texas. Ken Meany alifungua duka la kwanza mwaka 1978 Huntington Beach, California, mji wa pwani unaojulikana zaidi kwa watu wanaoteleza juu ya mawimbi. Miaka miwili tu baadaye dunia ikapata kichaa cha ukauboi. Juni 1980 John Travolta alionekana kwenye filamu akicheza dansi na kupanda fahali wa mashine kwenye klabu ya Gilley's, Pasadena, jirani na Houston, na ghafla watu wa maofisini New York wakataka buti za ngozi ya mbuni na mashati ya vifungo vya kubonyeza. Viwanda vilizalisha kwa pupa. Maduka yakajaza mzigo. Baada ya miaka michache upepo ukageuka na walioagiza kana kwamba sherehe haitaisha wakabaki na mzigo uliododa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dansi za mistari zilileta wimbi jingine, nalo likapita.

Mtu aliyefungua duka la buti mwaka 1978 ameyaona yote hayo akiwa bado mchanga kwenye biashara. Naamini kampuni ilijifunza humo. Kwa miaka zaidi ya thelathini ilikua polepole, tawi kwa tawi, ikiuza jinzi, mikanda, nguo za watoto, na buti za kazi, kwa wakulima, mafundi wa ujenzi na madereva wa malori wa California na majimbo ya jirani.

Mbio zilianza mwishoni mwa 2011, kampuni ya uwekezaji Freeman Spogli ilipoinunua. Mwaka uliofuata aliajiriwa Jim Conroy kuwa mkurugenzi mkuu, na ukaanza mtindo wa kununua minyororo ya maduka iliyokuwepo tayari. 2012 walichukua RCC Western Stores ya Rapid City, South Dakota. 2013 wakachukua Baskins, iliyokuwa na maduka Texas na Louisiana. Oktoba 2014 waliingia soko la hisa la New York kwa dola 16 kila hisa, wakiwa na maduka zaidi ya 150. Halafu Juni 2015 wakamnunua mkubwa mwenzao, Sheplers ya Wichita, Kansas, kwa dola milioni 147.

Sheplers inastahili maneno mawili. Chimbuko lake ni 1899, kwenye biashara ya hatamu na matandiko ya farasi. Kwa familia za mashambani zilizokaa mbali na mji, katalogi ya Sheplers ilikuwa duka lililokuja kwa posta: baba alichagua jinzi, watoto walichagua kofia, oda ikaandikwa mezani. Boot Barn iliyageuza maduka yake kuwa Boot Barn na kulibakiza jina la Sheplers mtandaoni tu. Kibiashara walikuwa sahihi, kwa sababu tangazo moja linahudumia maduka yote na mzigo mmoja unagawika popote. Lakini mimi nimeona kibao cha duka la mzee wangu kikishushwa, na sioni sababu ya kujifanya kwamba hakuna kinachopotea. Muuzaji aliyekuwa akimjua mteja tangu babu yake sasa anavaa fulana ya kampuni yenye makao Irvine, California. Baadhi ya wazee wa Kansas hawakupenda, na nawaelewa.

Mara tu baada ya ununuzi ule, bei ya mafuta, iliyokuwa imeanza kuporomoka tangu 2014, ikazidi kushuka. Mitambo ya kuchimba ilisimamishwa Texas, North Dakota, Wyoming. Wachimbaji wakarudishwa makwao. Maduka ya Boot Barn yaliyokuwa kwenye miji ya mafuta yakapwaya, na mwaka 2016 hisa iliyouzwa dola 16 ilishuka chini ya dola 10. Wachambuzi wengi walidhani wameshaona mwisho wa hadithi. Kumbe kilichokuwa kinaonekana ni jinsi msingi wa duka ulivyo: kama mchimba mafuta akikosa kazi na wewe ukaumia, basi yeye ndiye aliyekuwa anakulisha.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Anafanya kazi kwenye visima upande wa Midland, na kabla hajaanza alinipigia simu: "Shem, wameniambia nije na buti zangu na nguo zisizoshika moto. Tunazipata wapi?" Nikampeleka. Muuzaji, mzee mwenye masharubu meupe, hakumuuliza bei anayotaka wala rangi. Alimuuliza unasimama juu ya nini. Zege au udongo? Kuna mafuta sakafuni? Unapanda ngazi? Anayepanda ngazi, akaeleza, anahitaji kisigino kilichojitokeza, maana soli bapa inateleza kwenye kipandio. Kisha akamwekea jozi mbili zenye kinga ya vidole, moja ya chuma, moja ya plastiki ngumu, ambayo ni nyepesi na haimezi baridi wala joto la nje kama chuma. Shemeji alichukua ile nyepesi. Akachukua mashati mawili yasiyoshika moto na suruali zake. Waajiri wengi huku hutoa posho ya viatu vya usalama, na sheria inawabana wahakikishe mfanyakazi anayekabiliwa na hatari ya miguu amevaa kinga, kwa hiyo sehemu ya fedha ile haikutoka mfukoni mwake.

Tukiwa njiani kwenda kulipa tulipita kwenye safu ya buti za kutokea. Alisimama. Alishika jozi ya ngozi ya mbuni, yenye vile vidutu vya mizizi ya manyoya, ngozi ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Afrika Kusini. Akaiweka chini, akaendelea, akarudi. Mshahara wake wa kwanza mnono aliutolea jozi ileile, kwa fedha yake mwenyewe, na ndiyo anayoenda nayo kanisani.

Safari moja ya lazima ikazaa safari ya pili ya hiari. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kufanya hivyo kwa uhakika. Mtu wa kazi anamaliza buti, anarudi. Soli inalika kwa zege na mafuta bila kujali nani anaimba nini mwaka huo. Kila akirudi anapita mbele ya kofia za pama, mikanda, mashati ya mwanawe, buti za mkewe. Na mwaka ambao visima vimesimama, mabinti wa matamasha na wacheza rodeo wanabaki wanabeba kodi ya fremu.

Mwaka 2020 ulithibitisha jambo hili kuliko mwaka mwingine wowote. Korona ilipofunga maduka ya nguo nchi nzima, matawi mengi ya Boot Barn yaliruhusiwa kubaki wazi kwa kuwa yanauza mavazi ya kazi kwa watu wa huduma za lazima. Mauzo yalishuka miezi ya mwanzo, kisha yakapanda kwa namna ambayo sidhani hata wao waliitegemea. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021 waliuza dola milioni 893. Uliofuata, dola bilioni 1.49. Maduka yaliyokuwepo tayari, bila kuhesabu mapya, yaliongeza mauzo kwa asilimia 53.7 kwa mwaka mmoja. Watu walikuwa na fedha za msaada wa serikali, wengine walihama miji mikubwa, tamthilia za ranchi zilikuwa zinatazamwa kila nyumba, na Boot Barn ilikuwa wazi na rafu zimejaa wakati wengine wanatafuta mzigo bandarini.

Hapo ndipo wengi hulewa. Boot Barn iliendelea kufungua maduka, lakini kwa hesabu: duka jipya, kwa maelezo yao kwa wenye hisa, hurudisha mtaji wake ndani ya miaka miwili. Kutoka 273 mwaka 2021 wakafika 300, 345, 400, kisha 459. Katikati, mwaka ulioishia Machi 2024, maduka ya zamani yalishuka mauzo kwa asilimia 6.2, kwa sababu kasi ya baada ya korona haikuweza kudumu. Jumla haikuanguka. Ilisimama palepale bilioni 1.67, ikisubiri. Mwaka uliofuata ikapanda tena.

Jambo la pili lililowakuza ni lebo zao wenyewe. Cody James kwa wanaume, Shyanne kwa wanawake, Hawx kwa buti za kazi, Idyllwind iliyotengenezwa na mwimbaji Miranda Lambert. Mteja anaweza kununua Ariat popote, lakini Cody James anaipata kwao tu, na faida ya lebo hizi huizidi ile ya lebo za watu kwa karibu pointi 10 za asilimia. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025 zilikaribia asilimia 40 ya mauzo. Hapa nina shaka kidogo na sitaificha. Ariat, kampuni iliyoanzishwa na wanawake wawili mwaka 1993, ilileta teknolojia ya viatu vya michezo ndani ya buti ya kupandia farasi. Tony Lama ilianza El Paso 1911. Lucchese ilianzishwa San Antonio 1883 na mhamiaji wa Kiitaliano. Hao ni mafundi wenye majina ya kulinda. Duka likizidi kusukuma lebo zake mbele, fundi anasogezwa nyuma, na mteja asiyejua atapima ukauboi wote kwa jozi ya bei ya kati.

Washindani nao hawajalala. Cavender's, familia ya Texas iliyoanza 1965 mjini Pittsburg na sasa ina makao Tyler, bado iko mikononi mwa familia, na Mtexas wa mashambani mara nyingi atakwambia anaenda Cavender's kabla hujamaliza swali. Tecovas ilianza Austin mwaka 2015 ikiuza mtandaoni buti zinazoshonwa León, Guanajuato, mji wa Mexico ambao ni kitovu cha viatu cha nchi ile. Baada ya miaka michache nao walifungua maduka ya kuingia kwa miguu. Hili halinishangazi. Hata Boot Barn yenye tovuti kadhaa hupata mtandaoni karibu sehemu moja tu kwa kumi ya mauzo yake. Buti lazima uivute mguuni.

Niseme na jambo la sisi wenye ngozi nyeusi ndani ya maduka haya, maana wageni kutoka nyumbani huniuliza kama tunakaribishwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne wa zama za misafara alikuwa Mweusi, na ustadi wenyewe wa kuchunga juu ya farasi Wamarekani waliupokea kwa vaquero, wachunga ng'ombe wa Mexico. Hapa Fort Worth, kwenye Stockyards, mtaa uliokuwa soko la mifugo, kuna sanamu ya Bill Pickett, Mtexas Mweusi aliyeanzisha mchezo wa kumwangusha maksai kwa kumshika pembe. Houston na Louisiana kuna vikundi vya wapanda farasi Weusi vyenye msafara wa kila mwaka. Beyoncé alipotoa albamu yake ya kantri Machi 2024 alikuwa binti wa Houston anayerudi nyumbani. Na nyumbani kwetu Afrika Mashariki hatukuwa mbali: Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wamepigwa redioni Kenya na Tanzania tangu tukiwa wadogo, na Nairobi ina mwanamuziki wake wa kantri, Sir Elvis, anayepanda jukwaani na pama kichwani. Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi Texas nimewakuta kwenye safu ya buti za kazi kila mara, wakisaidiana kusoma lebo. Hakuna aliyewauliza wametokea wapi. Wameulizwa wanasimama juu ya nini.

Oktoba 2024 Conroy alitangaza anaondoka kwenda kuongoza Ross Stores, na hisa ilianguka kwa karibu asilimia 20 kwa siku moja. John Hazen, aliyekuwa akisimamia upande wa mtandaoni, alishika usukani kwa muda na mwaka 2025 akathibitishwa. Alipokea kazi wakati ushuru wa forodha ulikuwa unabadilika kila kukicha, na buti nyingi, zikiwemo za lebo zao wenyewe, zinashonwa Mexico, China na kwingineko. Mtu atalipa ushuru huo: kiwanda, duka, au mteja. Mteja wa tamasha anaweza kuahirisha. Shemeji hawezi, na ndiyo maana kishawishi cha kumpandishia yeye bei kitakuwa kikubwa.

Hadi mwaka 2025 kampuni ilikuwa ikiwaeleza wenye hisa kwamba inaona nafasi ya maduka 900 nchini. Baadhi ya nafasi hizo ziko mbali na ranchi, kwenye vitongoji vya New Jersey na New York, ambako mtu anaweza kuishi mwaka mzima asione ng'ombe. Lakini huko nako kuna mafundi umeme, wajenzi, watu wa maghala na wa reli. Nina hisa chache za Boot Barn, na kila nikisafiri huingia kwenye tawi jipya nione rafu ya buti za kazi imewekwa wapi na mwuzaji wake anajua kitu gani. Siku nitakayoikuta imesukumwa nyuma karibu na choo, na mbele kote zimejaa sketi za matamasha, nitaziuza hisa hizo kabla sijarudi Fort Worth.